Umeme Unapoharibika Usiku: Fundi Gani Aitwe, na Aitwe Lini?

Mvua ya Kampala haipigi hodi. Katika miezi ya Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba, mawingu hukusanyika juu ya Ziwa Victoria, na kabla watu hawajaanua nguo, radi imekwisha kupiga. Sehemu hizi za kandokando ya ziwa ni miongoni mwa zile zenye radi nyingi duniani, na kila nyumba yenye umeme haina budi kuwa tayari.

Na ichukuliwe nyumba moja ya askari, mfano wa nyingi zilizotapakaa katika vilima vya jiji hili. Bwana yuko zamu ya usiku. Bibi yuko nyumbani na watoto watatu. Saa tatu usiku radi inapiga, taa zinapepesa, kisha harufu ya mpira unaoungua inatoka nyuma ya swichi ya jikoni. Kijana wa jirani, ambaye hujulikana mtaani kwa kuungaunga waya, anafika kabla hajaitwa. "Mama," asema, "hiyo ni kazi ya dakika kumi tu. Nipe pesa ya waya, nitaunga moja kwa moja, na hata mita yenyewe itapumzika."

Nje ni giza, watoto wanalia, na bwana hatarudi hadi alfajiri. Je, bibi huyu afanye nini? Jibu lake laweza kuokoa nyumba nzima au kuiteketeza.

NGUVU INAYOKAA UKUTANI

Umeme unaoingia majumbani nchini Uganda ni wa volti 240. Si nguvu ya kuchezewa. Balbu ndogo ya kisasa ya wati 10 hutumia mkondo wa takriban sehemu 42 katika kila elfu moja ya ampea. Lakini mkondo wa sehemu 30 tu, ukipita kifuani kwa muda mfupi, waweza kuhatarisha uhai wa mtu mzima. Yaani kile kinachotosha kuwasha taa hafifu ya chooni kinatosha pia kuua.

Waya nao una kiasi chake cha kubeba. Plagi ya pini tatu za mraba inayotumika nchini imewekewa kiwango cha ampea 13, nacho ni kama wati 3,000. Basi, mama anayechomeka birika la umeme la wati 2,000, pasi ya wati 1,000 na jiko la koili la wati 1,500 katika waya mmoja wa kurefushia, anadai mkondo wa karibu ampea 19 mahali palipotengenezewa 13. Waya haulalamiki kwa sauti. Hupata joto, mpira wake hulainika, na siku moja nyuzi mbili hugusana. Hapo ndipo harufu ile ya usiku hutoka.

DALILI ZISIZONGOJA ASUBUHI

Si kila kasoro ni dharura, wala si kila dharura huonekana kwa cheche. Mwenye nyumba akiona mojawapo ya mambo haya, azime swichi kuu mara moja na atafute fundi bila kuahirisha.

Kwanza, harufu ya kuungua, moshi, au mlio wa kuchacha kutoka kwenye soketi, swichi au sanduku la fyuzi. Pili, swichi au plagi yenye joto linalosikika mkononi, au iliyogeuka rangi ya kahawia. Tatu, mtu kupigwa na umeme, hata kidogo, agusapo bomba la maji, jokofu, pasi au ukuta wa mabati. Jambo hili la tatu hudharauliwa mno. Katika nyumba za vyumba vya kupanga, zile ziitwazo mizigo na wakazi wa Kampala, waya hupitishwa juu ya mabati na kuchubuliwa na upepo mwaka hadi mwaka; siku ya mvua, paa zima na kamba ya kuanikia nguo hugeuka mtego. Mtoto asemaye, "Ukuta unauma," asichapwe kwa uongo. Aondolewe hapo, na umeme uzimwe.

Nne, maji ya mvua yanayopenya darini na kutiririka juu ya taa au sanduku la swichi. Tano, swichi kuu inayojizima, ikawashwa, ikajizima tena. Mtu asiilazimishe, wala asiifunge kwa uzi ibaki juu. Swichi hiyo ni kama mlinzi wa lango anayepiga kelele kwamba adui ameingia. Amzibaye mdomo mlinzi wake, asimlaumu mwizi.

YALE YANAYOWEZA KUNGOJA

Kwa upande wa pili, familia nyingi hupoteza fedha kwa kumwita fundi usiku pasipo sababu. Taa zikizimika, jambo la kwanza ni kuchungulia nje. Ikiwa mtaa mzima uko gizani, kasoro iko kwenye njia ya shirika, na hakuna fundi wa mtaani awezaye kuitengeneza. Ikiwa majirani wana taa, itazamwe mita. Tangu mwaka 2011 nyumba nyingi za Kampala zimewekewa mita za kulipia kabla, zile ziitwazo Yaka, na mara nyingi giza huwa ni salio lililokwisha au tarakimu 20 za malipo zilizoingizwa vibaya.

Balbu moja iliyokufa, soketi moja isiyofanya kazi lakini haina joto wala harufu, taa ya nje isiyowaka: hayo yote yaweza kungoja mchana, ambapo fundi huona vizuri, maduka yako wazi, na malipo hayazidishwi kwa ajili ya usiku.

NANI AITWE?

Hapa ndipo wengi hukosea. Umeme wa nyumba una mpaka, na mpaka huo ni mita. Waya kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mita, pamoja na mita yenyewe, ni mali ya shirika linalogawa umeme. Kutoka kwenye mita kuingia ndani ni jukumu la mwenye jengo.

Wazee wa Kampala bado huliita shirika hilo UEB, kwa kukumbuka bodi iliyoundwa mwaka 1948 na kusimamia bwawa la Owen Falls kule Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954. Bodi hiyo iligawanywa mwaka 2001. Kuanzia mwaka 2005, kampuni iliyojiita kwa neno la Kiswahili, Umeme, ilichukua kazi ya ugawaji kwa mkataba wa miaka 20, na mkataba huo ukamalizika tarehe 31 Machi 2025. Siku iliyofuata kazi hiyo ilirudi mikononi mwa shirika la umma, UEDCL.

Historia hii ina faida yake mlangoni. Mtu akibisha hodi leo na fulana ya kampuni ya zamani, akidai ametumwa kukagua mita, fulana hiyo si kitambulisho. Aombwe kitambulisho cha UEDCL kilicho hai, chenye picha yake, na akikosa, asifunguliwe. Nguzo ikitoa cheche, mita ikiungua, au waya ukianguka barabarani, ni shirika hilo ndilo lipigiwe simu, na polisi kwa namba 999 ikiwa kuna hatari kwa watu. Waya ulioanguka usikaribiwe. Watu na wanyama wakae mbali angalau mita kumi, hata kama unaonekana umekufa.

Kwa familia ziishizo kambini, iko kanuni nyingine. Nyumba za kambi ni mali ya serikali. Askari au mkewe haifai alete fundi wa nje kufungua sanduku la umeme pasipo ruhusa. Taarifa ipelekwe kwa msimamizi wa kambi, iandikwe, na tarehe yake ihifadhiwe. Jengo la kambi huwa na waya unaopita nyumba hadi nyumba. Kosa la mlango mmoja huwasha moto wa milango kumi. Likizembewa, mkuu wa familia alifuate tena kwa heshima na kwa maandishi. Wakati huohuo sehemu yenye kasoro ibaki imezimwa.

Mpangaji naye aanze kwa mwenye nyumba. Lakini ikiwa ni dharura na mwenye nyumba hapatikani, mpangaji azime, ajulishe kwa simu mbele ya shahidi, na akimwita fundi adai risiti, ili gharama ijadiliwe baadaye bila ugomvi.

KABLA FUNDI HAJAFIKA

Swichi kuu izimwe, kwa mkono mkavu, miguu ikiwa na viatu vyenye soli ya mpira. Ikiwa sakafu imejaa maji hadi kwenye swichi, isiguswe. Watu watoke nje. Kila mkubwa nyumbani, pamoja na msichana wa kazi na mtoto aliyefikia umri wa akili, yafaa aonyeshwe mapema swichi hiyo ilipo. Siku ya hatari si siku ya kuitafuta.

Moto wa umeme haumwagiwi maji, kwani maji hubeba umeme na kumrudishia amwagaye. Hutumika mchanga mkavu, au kizimamoto cha unga au cha hewa ya kaboni. Moto ukizidi, watu watoke, mlango ufungwe, na wazima moto waitwe kwa 999. Kazi ya uzimaji moto nchini Uganda imo chini ya Jeshi la Polisi, kwa hiyo askari wengi wasomao ukurasa huu wanajua ni nani atakayekuja.

Mtu akishikwa na umeme, asishikwe kwa mikono mitupu. Umeme uzimwe kwanza. Ikishindikana, asukumwe kwa mti mkavu, kama mpini wa ufagio, na msukumaji asimame juu ya ubao au mpira mkavu. Akiwa hapumui, aanze kubonyezwa kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ajuaye kumpulizia pumzi ampe mbili baada ya kila mibonyezo 30. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, baada ya kutenganishwa na umeme. Asipakwe siagi wala dawa ya meno. Kisha apelekwe hospitali hata kama kidonda ni kidogo, kwa maana umeme huunguza ndani kuliko nje. Mjini Kampala, hospitali ya Kiruddu ndiyo yenye wodi maalumu ya majeraha ya moto.

Na mishumaa? Nyumba nyingi zilizonusurika kwa umeme zimeungua kwa mshumaa au kitadooba kilichowashwa baada ya umeme kuzimika. Tochi yenye betri nzima ni akiba bora.

KUMTAMBUA FUNDI WA KWELI

Mjini Kampala mafundi wa njia za panya huitwa kamyufu. Ndugu zao wa Tanzania huitwa vishoka. Hawa ndio wamwambiao mama kwamba mita "itapumzika". Kumbe kuipita mita ni wizi, na Sheria ya Umeme ya mwaka 1999, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, imeyazidisha makali ya adhabu zake. Ukaguzi ukipita, fundi huwa hayupo. Aliyepo ni mwenye nyumba. Kwa mtu aliyevaa sare ya serikali aibu ni mara mbili, maana hawezi kumkamata mwizi wa kuku asubuhi, na jioni akala chakula kilichopikwa kwa umeme wa kuiba.

Fundi wa kweli ana kibali kutoka kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Umeme, ijulikanayo kwa herufi ERA. Vibali hivyo vina madaraja, kwa kadiri ya kazi ambayo fundi ameruhusiwa kuifanya, na vina tarehe ya kwisha. Mwenye nyumba asione haya kukiomba. Asome jina, alilinganishe na kitambulisho cha taifa, atazame tarehe, na aulize kama daraja hilo linahusu nyumba ya kuishi. Cheti cha chuo, kama cha Nakawa au Lugogo, ni ushahidi mzuri wa elimu, lakini hakichukui nafasi ya kibali.

Zaidi ya karatasi, fundi hujulikana kwa mwenendo. Fundi mwema huuliza kabla ya kugusa: kasoro ilianza lini, ni kifaa gani kilikuwa kinatumika, je, mvua iliingia? Huja na kipimo chake, bisibisi zenye mipini ya mpira, na viatu. Hupima kama umeme umezimika kweli, hata baada ya kuambiwa umezimwa. Yule ajaye na kisu cha jikoni na gundi ya utepe mfukoni, akamenya waya kwa meno, aagwe kwa upole.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: fundi wa dharura hatafutwi wakati wa dharura. Atafutwe siku ya amani. Familia iulize majirani waliotengenezewa vizuri, impe fundi kazi ndogo ya mchana, kama kubadili soketi, na kazi yake ikipendeza, namba yake iandikwe kwenye kadi na kubandikwa nyuma ya mlango, pamoja na namba ya UEDCL, ya zamu ya kambi, na 999. Mkuu wa familia akihamishiwa Gulu au Mbarara, mkewe hatabaki akibahatisha.

BEI NA VIFAA

Bei ipatanwe kabla ya kazi kuanza. Ni haki ya fundi kudai ada ya kuja usiku na nauli ya bodaboda. Lakini ada hiyo itajwe kwenye simu, si baada ya sanduku kufunguliwa na nyumba kuwa gizani. Yafaa kutenganisha mambo matatu: ada ya kuja, malipo ya kazi, na bei ya vifaa. Usiku kazi iwe ni kuondoa hatari tu, yaani kutenga sehemu mbovu ili nyumba nyingine ipate taa. Matengenezo makubwa yangoje mchana. Fundi anayesisitiza kubadili waya za nyumba nzima saa nne ya usiku anatazama mfuko, hatazami hatari.

Katika vifaa, udanganyifu ni mwingi. Ziko waya zenye rangi ya shaba nje na madini hafifu ndani, na ziko zenye unene pungufu kuliko ulioandikwa. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita mraba 1.5, na soketi 2.5. Mwenye nyumba atafute alama ya Shirika la Viwango la Uganda, akwangue ncha ya waya kwa wembe aone kama ni shaba mpaka ndani, na adai risiti ya duka. Ni vyema pia nyumba iwe na swichi ya kinga inayojizima yenyewe umeme unapovuja kwa kiasi cha sehemu 30 katika elfu za ampea. Bei yake si ndogo kwa mshahara wa koplo, lakini kifaa hicho hukata umeme kabla moyo wa mtoto haujasimama.

Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu, wa kurudisha ni mweusi, na wa ardhi ni kijani. Katika mpya, wa moto ni kahawia, wa kurudisha ni buluu, na wa ardhi ni kijani chenye mstari wa njano. Nyumba iliyopanuliwa mara mbili tatu huwa na rangi zote. Hilo peke yake ni sababu ya kutomruhusu mtu wa kubahatisha.

KAZI INAPOKWISHA

Fundi asilipwe na kuondoka mbio. Aeleze kwa maneno mepesi kilichoharibika na aonyeshe kipande alichokitoa. Fyuzi iliyorudishwa iwe ya kiwango chake. Kuweka waya mnene badala ya fyuzi ni kumtoa mlinzi langoni. Waya wa ardhi upimwe, usikisiwe. Swichi na soketi zote zijaribiwe mbele ya mwenye nyumba, na baada ya saa moja ya matumizi, kifuniko kiguswe kwa nyuma ya mkono kuona kama kina joto. Risiti iandikwe kazi iliyofanyika, jina, simu na namba ya kibali. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na vyeti vya watoto.

Sasa turudi kwa yule bibi na kijana wake mlangoni. Ikiwa ameyashika haya, jibu lake ni fupi: "Asante, mwanangu, kwa kuja. Swichi kuu nimekwisha kuizima, na soketi ya jikoni haitaguswa mpaka fundi mwenye kibali afike." Kisha anampigia bwana simu lindoni, anawahamishia watoto chumba cha mbali na jiko, anawasha tochi, na usiku unapita bila chai. Kutakapokucha, fundi atafungua swichi ile na kumwonyesha nyuzi mbili zilizokwisha kuwa nyeusi kama mkaa, zikiwa zimetengana kwa unene wa kucha. Kama zingeungwa moja kwa moja, pasipo fyuzi wala mita, hapangekuwa na kitu cha kuzizuia watoto wakiwa usingizini.

Usiku mmoja wa giza haujamwua mtu. Tahadhari kabla ya hatari.